Wageni wa Mwezi wa Saba

Wareno walikuja Kilwa mara tatu ndani ya miaka mitano, na mara zote tatu ulikuwa mwezi wa saba. Pedro Álvares Cabral alitia nanga mwishoni mwa Julai 1500. Vasco da Gama akafuata Julai 1502. Francisco de Almeida akateremsha askari wake tarehe 24 Julai 1505, na siku hiyo hiyo mji ukamtoka mwenyewe. Shuleni tulipewa miaka tu, tukaikariri kwa ajili ya mtihani. Miezi hatukupewa.

Miezi niliikuta utu uzima, ikanikaa kichwani kwa sababu ya kazi yangu. Nilikuwa mpimaji wa hali ya hewa hadi nilipostaafu. Kila saa unatoka kwenda kwenye kisanduku cheupe kilichosimama uwanjani, unasoma vipimajoto, unatazama upepo unatoka wapi na kwa nguvu gani, unaandika daftarini, unarudi kukaa. Ukiishi hivyo miaka mingi huwezi kusoma "Julai" na "Kilwa" kwenye mstari mmoja ukapita tu. Unajiuliza: Julai? Nani huyo anayeingia bandarini Julai?

Kwa desturi ya bahari yetu, mgeni haji Julai. Kaskazi huanza kuvuma Novemba au Desemba ikashika hadi Machi, na hiyo ndiyo iliyowashusha wafanyabiashara kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi. Aprili upepo hugeuka. Kusi huingia pamoja na masika, na waliokwisha kuuza na kununua waliondoka nayo mapema, ingali changa. Juni na Julai imekomaa. Ni kali, na ng'ambo ya bahari pwani ya magharibi ya India imefungwa na mvua na dhoruba. Aliyechelewa hakuwa na la kufanya ila kukaa hadi Agosti au Septemba, kusi ilegee na demani iingie, ndipo atweke tanga. Katikati ya hapo ni kipupwe. Vyombo viko mchangani, na watu wa mji wamebaki wenyewe kwa wenyewe.

Kilwa yenyewe ilikua pale kwa hesabu hiyo hiyo ya pepo. Chombo cha Arabuni au cha Gujarat kiliweza kushuka na kaskazi, kikafika Kilwa, kikafanya biashara na kurudi kwao ndani ya mwaka mmoja. Kushuka zaidi hadi Sofala, ilikotokea dhahabu ya nyanda za Zimbabwe, kulikuwa kujitafutia kukwama, maana kaskazi hudhoofika kadiri unavyokwenda kusini. Watu wa Kilwa wakaikalia nafasi hiyo. Vyombo vyao vilishuka Sofala, vikapanda na kusi vikiwa na dhahabu na pembe za ndovu, mali ikaingia ghalani kuwasubiri wageni wa kaskazi ijayo. João de Barros, mwandishi wa Kireno wa karne ya 16, ana hadithi juu ya jambo hili. Anasema mvuvi mmoja alinasa samaki mkubwa nje ya bandari ya Kilwa, samaki akamvuta, mkondo ukamchukua, akajikuta Sofala, na aliporudi akasimulia dhahabu aliyoiona. Si lazima niiamini ndipo niipende. Watu wa bahari ndivyo wanavyoeleza siri ya biashara: wanamsingizia samaki.

Basi nikaamua kwenda kuuona mji huo katika mwezi ule ule wa saba. Wanangu walishangaa. Kwa sisi wa Dar es Salaam, pwani ni ya Desemba au ya Idi, na ni ya Kigamboni au Bagamoyo. Kilwa ni mbali, na kipupwe ni wakati wa kutafuta sweta kabatini. Basi la kusini linavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, lenye urefu wa karibu mita 970. Wa umri wangu wanakikumbuka kivuko cha pale kabla ya daraja, na namna masika yalivyoweza kukulaza njiani. Sasa ni lami, ingawa Somanga bado haijawa ya kuaminika: Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya viliikata barabara pale, na mikoa ya kusini ikabaki upande wake. Julai hakuna shida hiyo. Barabara ni kavu, na vumbi lake ni jekundu.

Kilwa Masoko nilikuta nyumba ya wageni karibu tupu. Mwenye nyumba alinipa chumba kizuri kwa bei ya kile kibaya, kisha akaniuliza kwa upole kama nimekuja msibani. "Watu hawaji saa hizi, dada yangu. Bahari imechafuka." Samaki walikuwa wachache sokoni na bei imepanda, hivyo tukala wali na maharage ya nazi. Usiku redio ikatangaza maneno ambayo mkono wangu umeyaandika mara nyingi mno: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili. Nikalala chini ya blanketi, pwani, nikafurahi.

Kibali cha kuvuka kwenda kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale, hutolewa ofisini pale Masoko, na mwongozaji unapewa huko huko. Wangu alikuwa kijana wa kisiwani. Nahodha yeye alikuwa na haraka. "Shikamoo mama. Tuondoke sasa hivi, ikifika saa nne upepo unaamka." Alisema kweli. Kusi ya kipupwe hupoa usiku karibu na nchi kavu, kisha huchachamaa jua likipanda. Mlango kati ya Masoko na kisiwa ni kama kilomita mbili, na ukiwa katikati yake unaielewa bandari hii bila kuhubiriwa. Nje unaona mstari mweupe wa mawimbi yanayopasuka. Ndani maji ni ya kijani, yana kina, na mashua inakwenda bila kukurushia maji usoni. Bandari inayotulia hivi wakati wa kusi ni mali kuliko dhahabu, na hapa ndipo mahodari wa kale walipoanza.

Mwongozaji akaanza hadithi ya nguo, nami nikamwacha aisimulie ingawa naijua. Ali bin al-Hassan, aliyetoka Shirazi, alimkuta mwenye kisiwa akakitaka. Bei ilikuwa nguo ya kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Mwenyewe alipokea nguo akahamia bara, na alipotaka kurudi wakati maji yamekupwa akakuta mlango umechimbwa kina, hapiti mtu kwa miguu tena. Kisa hicho kimo katika tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha historia yake ya kale, na nakala yake ya Kiarabu Sultani Barghash wa Zanzibar alimpa John Kirk, balozi wa Uingereza. Sasa iko London. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta kwamba watu waliishi kisiwani tangu karibu karne ya 9, kabla ya Mshirazi yeyote wa kwenye kitabu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu wa kale waliozikwa katika miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara ikiwemo, ukaonyesha uzazi wa mama ukitoka zaidi Afrika na uzazi wa baba kwa sehemu kubwa ukitoka Uajemi, mchanganyiko ulioanza karibu mwaka 1000. Kila upande wa ule ubishi wetu wa zamani juu ya asili ya Waswahili ulipata cha kushangilia. Mimi kinachonivutia katika hadithi ni nguo. Nguo ilishuka na kaskazi. Aliyetunga kisa hicho alijua kwamba kwa Kilwa, hata ardhi ilinunuliwa kwa mali ya msimu.

Msikiti Mkuu hauko mbali na ufuko. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ndogo, ya karne ya 11 na 12. Ile kubwa, yenye kuba na dari za mviringo, iliongezwa na Sultani al-Hassan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, ikaanguka, ikasimamishwa upya katika karne ya 15. Mawe ni matumbawe. Ya kuchonga yalikatwa baharini yakiwa mabichi na laini, yakatiwa nakshi kabla hayajakauka na kuwa magumu. Chokaa ilichomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Katika nyumba za kawaida dari ililala juu ya boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, ndiyo maana vyumba vya Waswahili wa kale ni virefu na vyembamba. Mti wa pwani ndio uliopima upana wa chumba. Juni hadi Septemba mvua ni haba, matanuri yanawaka vizuri na lipu inakauka. Siwezi kuitazama dari ile bila kuwawazia mafundi wa kipupwe, wageni wameshakwenda, ua uko wazi, watu wanafanya kazi yao bila kukatizwa na mtu wa kupimiwa nguo.

Kisha tukatoka nje ya mji, upande wa mashariki, hadi Husuni Kubwa. Iko juu ya jabali linalotazama bahari, na ilijengwa na al-Hassan bin Sulaiman huyo huyo, aliyeitwa Abu al-Mawahib, mwenye kutoa. Ina vyumba zaidi ya 100, ngazi za kushukia baharini, na bwawa la kuogea la pembe nane ambalo hadi leo linamfanya mtu anyamaze. Upande wa kusini kuna ua mpana uliozungukwa na vyumba vya ghala. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1974, aliona ua huo ulikuwa wa biashara. Nakubaliana naye. Nyumba ya mfalme hapa ni nyumba ya kupokelea msimu. Mgeni alipanda ngazi kutoka kwenye mashua yake, akaonekana, akakaribishwa, na mali yake ikaonekana pia na kutozwa ushuru. Inaelekea jumba hilo halikuwahi kumalizika, wala halikukaliwa muda mrefu. Sultani alikuwa na fedha zake mwenyewe za shaba zenye jina lake, na za dhahabu chache ambazo tatu zimepatikana Zanzibar. Fedha za Kilwa zimeokotwa hadi Great Zimbabwe, na mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota tano katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Zilifikaje huko, kila mtu ana lake.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alimkuta Abu al-Mawahib akiwa hai. Aliisifia Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri kupita yote aliyoiona, na akasimulia kisa cha fukara wa Yemeni aliyemsimamisha sultani akitoka kuswali Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Akamwongeza watumwa na pembe za ndovu. Alipokufa, ndugu yake Daudi akimwona mwombaji alimwambia kwamba mtoaji amekwisha kufa na hakuacha kitu cha kutoa. Hilo lilinichekesha, lakini tazama ni nani anayesimulia. Ni mgeni wa msimu. Alishuka na kaskazi, akapanda na kusi kwenda Zafari, Arabuni, akaondoka na picha ya mji uliovaa kanzu ya wageni. Karibu kila aliyeiandika Kilwa ya enzi hizo aliiona hivyo, mlango uko wazi na sahani imejaa.

Wareno ndio wa kwanza kuukuta mji umevua kanzu hiyo, na sababu ni kalenda ya kwao. Merikebu za India ziliondoka Lisbon Machi ili zilizunguke Rasi ya Tumaini Jema katikati ya mwaka, zipande pwani yetu, kisha mkia wa kusi uzivushe hadi Malabar Agosti na Septemba, dhoruba zikipungua. Hesabu ni nzuri, mimi mwenyewe ningeipitisha. Lakini iliwaingiza Kilwa kwa mlango wa nyuma. Kwa mamia ya miaka mgeni mwenye mali alitoka kaskazini, na macho ya mji yalitazama kaskazini. Kutoka kusini kulikuja vyombo vya nyumbani tu, vinavyotoka Sofala. Cabral kabla hajafika Kilwa alikutana na viwili vya namna hiyo karibu na pwani ya Msumbiji, vikienda Malindi na dhahabu. Kwa hiyo alijua, kabla hajatia nanga, ni nini kinachopanda pwani hii mwezi wa saba: dhahabu ya mwaka inarudi nyumbani, ghala linajazwa, na wanunuzi wako mbali nusu mwaka.

Amiri Ibrahim alikuwa ameshika utawala. Cabral alimtaka urafiki na biashara, hawakuelewana, Cabral akaenda zake. Miaka miwili baadaye Vasco da Gama hakuomba. Alitishia kuupiga mji mizinga, akatoka na ahadi ya kodi ya kila mwaka na malipo ya kwanza ya mithkali 1,500 za dhahabu, yaani kilo sita na zaidi. Dhahabu hiyo ilifika Lisbon, na kwayo Mfalme Manuel aliamuru itengenezwe monstransi ya kanisa, kile chombo cha kuonyeshea hostia. Iliisha mwaka 1506 na inanasibishwa na sonara Gil Vicente. Leo iko katika jumba la makumbusho ya sanaa la Lisbon, na huhesabiwa miongoni mwa kazi bora kabisa za usonara wa Kireno. Nimeiona pichani tu. Ina mitume kumi na wawili wadogo waliopiga magoti, wote wamepakwa rangi, na mikono yao iko safi.

Mwaka 1505 kodi ilikuwa imekatika. Almeida alifika na merikebu nane, akashusha watu wapatao 500 kwa makundi mawili, moja chini ya mwanawe Lourenço. Upinzani ulikuwa mdogo sana. Ibrahim alivuka kwenda bara. Mji ukaporwa, makasisi wakasimika msalaba, na Muhammad Ankoni, tajiri aliyekuwa upande wa Wareno, akavishwa taji la dhahabu lililokuwa limebebwa kutoka Ureno kwa ajili ya mfalme wa Cochin. Hapo utaona upana wa mawazo yao: taji moja linamtosha mfalme yeyote.

Mjerumani mmoja aliyekuwa katika msafara huo, Hans Mayr, aliacha maelezo ya Kilwa ya siku hizo, na ndiye ninayemheshimu kuliko wote kwa sababu aliangalia vitu. Alikadiria watu 4,000. Aliona nyumba za mawe zenye ghorofa, bustani za michungwa na malimau, minazi, mabanda ya kuku, watumwa wakilima nafaka. Aliona majahazi, mengine makubwa ya tani 50, yamevutwa nchi kavu. Akaeleza kwamba hayana msumari, mbao zimeshonwa kwa kamba za usumba, na kwamba hushushwa majini mwenyewe anapotaka kusafiri, nayo hufika Sofala. Tena aliandika kwamba kuanzia Aprili hadi Septemba huku ni majira ya baridi, ila hakuna baridi ya kumfanya mtu avae sana. Nilipokutana na maneno hayo nilicheka peke yangu. Mtu wa Ulaya anasimama ufukweni Kilwa Julai, anaambiwa hii ndiyo baridi yetu, anaandika kwa heshima.

Lakini yale majahazi mchangani ndiyo habari yenyewe. Mayr aliona vyombo vimepumzika, akaandika jinsi vilivyoshonwa. Hakujua kwamba anatazama mji katikati ya likizo yake. Wamiliki wa mali kubwa kutoka ng'ambo hawakuwepo kushuhudia wala kusaidia, na wale ambao wangepeleka habari Aden na Hormuz walikuwa wanasubiri upepo ulegee. Sisemi Kilwa ingemshinda Almeida Januari. Mizinga ni mizinga, na mwezi uliofuata aliichoma Mombasa, iliyopigana kweli. Ninachosema ni kwamba vitabu vinapomlaumu Ibrahim kwa kukimbia bila vita, havisemi ulikuwa mwezi gani. Mtu aliyefungiwa na kusi, bandari yake tupu, wageni wake wamekwenda, alikuwa na njia moja tu iliyo wazi, nayo ni ya bara.

Wareno walijenga ngome haraka haraka, wakaiita Santiago. Mwaka ule ule wenzao walijenga nyingine Sofala penyewe, na hapo wakajikata mguu: dhahabu iliyokuwa ikipitia Kilwa ikakosa sababu ya kupita. Mwaka 1512 wakaiacha ngome wakaondoka. Ukuta unaouona leo, uitwao Gereza, ni wa Waarabu wa Oman waliojenga juu ya mabaki yake. Upande wa baharini umemegwa. Mawimbi yalikuwa yanakula ufuko na sehemu ya ngome imekwisha kuanguka majini. Ndiyo moja ya sababu magofu ya Kilwa na Songo Mnara, yaliyoingia katika urithi wa dunia mwaka 1981, yakawekwa mwaka 2004 kwenye orodha ya yaliyo hatarini. Kuta za mawe ya kuzuia maji zikajengwa, mikoko ikapandwa, na mwaka 2014 yakatolewa kwenye orodha hiyo. Mwongozaji alinionyesha mikoko ambayo watu wa kijiji chake waliipanda. Ilikuwa imenipita kimo.

Songo Mnara sikwenda. Nahodha alitazama nje akatikisa kichwa, nami sikubishana, maana mashua ni yake na utabiri ulikuwa wa wenzangu. Ni hasara, kwa sababu huko nyumba za mawe zimesimama kwa wingi, na katika moja wachimbaji walikuta fedha za shaba za Kilwa zaidi ya 300 zimefukiwa pamoja. Mtu aliziweka akitegemea kurudi.

Mji uliobaki baada ya Wareno sina mapenzi nao sana. Masultani wa karne ya 18 walijijengea jumba la Makutani, lenye ukuta mrefu uliojengwa kwa mawe ya majengo ya kale, na mali yao sasa ilikuwa watu. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya miwa ya kisiwa ambacho leo ni Mauritius. Waoman wakaichukua Kilwa miaka ya 1780, na sultani wa mwisho akapelekwa Maskati miaka ya 1840. Biashara ikahamia bara, Kilwa Kivinje, mwisho wa njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa.

Kivinje nilifika kwa pikipiki, upepo wa ubavuni ukimyumbisha kijana wa watu. Milango ya nakshi bado ipo michache, boma la Wajerumani limebaki kuta, na mtaani watu wanakaa barazani upande usio na upepo. Wenyeji watakuonyesha Mwembe Kinyonga, mahali ambapo Novemba 1895 Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya na wenzake kwenye mwembe. Huyu alikuwa mtu wa misafara, na utumwa ulikuwamo katika biashara yake. Tunamheshimu kwa kuwapinga Wajerumani, na ni haki, ila wazee niliowakuta barazani walinieleza pande zote mbili bila kuombwa, na sauti zao hazikubadilika.

Ni kutoka barazani hapo nilipoyaona mambo ya Julai kwa upande mwingine. Kusi iliyowaleta Wareno ndiyo kiangazi cha wakulima wa milima ya Matumbi iliyo nyuma ya Kivinje, na Wajerumani waliwalazimisha kulima pamba katika mashamba ya jumbe kwa ujira usiotosha kununua chumvi. Pamba huiva kiangazi. Julai 1905, miaka 400 baada ya Almeida, watu wa Nandete wakaingia shambani wakang'oa miche. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha kushuka hadi pwani na kupanda hadi Ungoni, na havikwisha mpaka 1907. Wajerumani, wakiona risasi hazimalizi kazi, wakachoma mashamba na maghala ya nafaka, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki. Mzee mmoja, mtu wa Matumbi aliyeoa Kivinje, aliniambia nyanya yake alikuwa akihesabu umri wake kuanzia njaa hiyo, kwa sababu waliozaliwa kabla yake hawakubaki wa kutosha kuulizwa.